Mpigaji wa Ngoma ya Kati

Fahali Tinga alikuwa bado hajaona pembe ya mpinzani wake wakati Shikanga alipoanguka. Jambo hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu watu waliokuwa nyuma waliona mzee yuko chini na fahali kasimama juu yake, wakapiga kelele kwamba Tinga ameua mpiga ngoma, na hadi Jumamosi iliyofuata kulikuwa na watu Ikolomani nzima walioapa kwamba waliona kwato zikitua. Tinga hakumgusa. Alimnusa kofia, akapita kando, mpole kuliko binadamu wengi waliokuwepo.

Ilikuwa saa moja asubuhi, umande bado majanini. Shikanga alikuwa akimsindikiza fahali kwenye uwanja wa mapigano kwa isukuti, ngoma za jadi za kwao, kama alivyosindikiza mafahali kwa miaka thelathini na mitano, mkanda wa ngoma kubwa umepita bega la kushoto, ngoma yenyewe imebanwa kwapani, mikono yote miwili kazini. Hakukwaa na hakuteleza. Giza lilimjia kutoka pembeni mwa macho, likafunga katikati, basi.

Alipofumbua macho aliona uso wa Erastus, mpwa wake.

"Mjomba, umelewa saa hizi?"

"Nani amelewa? Nimeteleza." Shikanga aliketi, akapapasa ngozi ya ngoma kuona kama imepasuka. "Na wewe ulikuwa unakimbia tena."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa ugomvi wao wa siku zote. Katika kikundi cha Shikanga ngoma ni tatu. Ndogo, ya mtoto, huita. Ya kati, ya mama, huupokea mwito, hungoja kidogo sana, kisha huupitisha. Kubwa, ya baba, hujibu, na jibu hilo ndilo linalowainua watu mabega. Erastus alipiga ya kati, na kila alipoona umati alisahau kungoja.

Mkewe Shikanga, Nekoye, hakudanganyika na habari ya kuteleza. Aliolewa Iguhu kutoka Bungoma akiwa na miaka ishirini na moja, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mume wake akiteleza mahali pakavu. Tena hii ilikuwa mara ya tatu. Ya kwanza alimkuta amelala kando ya ndoo ya maziwa. Ya pili ilikuwa kanisani, akasema alikuwa anaomba.

"Baba Tracy," alimwambia Jumatatu, akiwa amekwisha kuvaa viatu vya safari, "utatembea mwenyewe mpaka hospitali ama nimwite Erastus akubebe kwa pikipiki kama gunia?"

Alitembea mwenyewe. Alipumzika mara nne njiani, na kila mara alijifanya anaangalia mahindi ya watu.

Hospitalini Iguhu walimpata Lynette, tabibu kijana kutoka Khwisero, mwenye sauti ya chini na miwani mikubwa. Alimshika Shikanga kifundo cha mkono, akatazama saa yake dakika nzima.

"Thelathini na sita," alisema.

"Na hakuna hata moja iliyokosea," Shikanga akasema kwa fahari. Alikuwa akijipima mwenyewe kila asubuhi tangu anguko la pili. "Mimi ni mpiga ngoma, daktari. Pigo likipotea ningejua. Hilo ni kama saa ya ukutani."

"Ni kweli, halipotei. Lakini ni machache, mzee. Yangetakiwa kuwa sitini hivi, sabini."

"Wanariadha si wana mapigo ya polepole?"

"Wanariadha hawalali mbele ya ng'ombe."

Nekoye alicheka peke yake. Shikanga alimkata jicho.

Walimlaza kitandani, wakambandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, kila kimoja na waya wake. Alitaka kujua kama mashine itamtingisha. Lynette alimwambia mashine hiyo haiingizi kitu mwilini, inasikiliza tu. Karatasi ya waridi yenye miraba midogo ikaanza kutoka, imechorwa mstari mweusi wa vilima na minara. Lynette aliitazama, akaitazama tena, akavuta kiti.

"Shida iko kwa stima, umeme wa moyo," alisema.

"Stima?" Nekoye akashtuka. "Ya moyo? Sasa hiyo tokeni zake zinanunuliwa wapi?"

"Ya mtu haina tokeni, mama. Imo ndani yake." Lynette alichukua kalamu, akachora moyo nyuma ya fomu, kama kiazi chenye vyumba vinne. "Moyo ni nyama, na nyama hiyo haijikunji mpaka ipigwe na stima. Huku juu, upande wa kulia, kuna kipande kidogo, hakizidi punje mbili za mahindi. Hicho ndicho kinaanza. Chumvi zilizo mwilini zinaingia na kutoka ndani ya nyama yake, na zikipita, panatokea mshtuko mdogo wa stima. Hakiamriwi na mtu. Kinajianzia chenyewe tangu ukiwa tumboni mwa mama yako."

"Endelea," Shikanga akasema. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

"Mshtuko unaenea, vyumba vya juu vinajikunja, vinamwaga damu vyumba vya chini. Hapa katikati kuna kituo. Kinaupokea mshtuko, kinangoja kidogo..."

"Kinangoja kwa nini?"

"Ili vya chini vijae kwanza. Kisipongoja, vyote vitajikunja pamoja, na damu haitakwenda mahali. Kikishangoja kinaupitisha, na hivi vikubwa vya chini vinapiga. Hilo ndilo pigo ninalolisikia mkononi mwako."

Shikanga alimgeukia mkewe kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akibisha. "Umesikia? Kinangoja! Miaka sita namwambia Erastus."

Lynette hakujua Erastus ni nani. Aliiweka ile karatasi ndefu juu ya meza ndogo ya magurudumu na kuisukuma karibu na kitanda. "Wewe umesema ni mpiga ngoma. Vilima hivi vidogo ni vile vya juu vikijikunja. Minara hii mirefu ni vya chini. Nigongee meza. Mkono wa kushoto ufuate vidogo, wa kulia ufuate mirefu."

Shikanga alisoma mstari ule kwa jicho, mara moja tu, kama mtu anayeangalia mlango kabla ya kuingia. Kisha akaanza. Kushoto kulikwenda haraka haraka, nafasi sawa kwa sawa. Kulia kulikuja polepole, nako nafasi sawa kwa sawa. Lakini mkono mmoja haukuwa na habari na mwingine. Mara pigo la kulia liliangukia katikati ya mawili ya kushoto, mara juu ya moja, mara nyuma yake. Aligonga mpaka mwisho wa karatasi. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

"Hawa hawasikilizani," alisema.

"Hawasikilizani kabisa."

"Mdogo anaita, anaita sana. Mkubwa hajamsikia. Anajipigia mambo yake tu."

"Ndivyo."

"Wa kati ameenda wapi?"

Lynette alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Wa kati amenyamaza, mzee. Huo ndio ugonjwa wako."

Nje mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Na huyu mkubwa akichoka kujipigia peke yake?"

"Akisita kidogo, unaanguka. Akisita sana, hatuwezi kukuamsha. Leo gari likupeleke hospitali ya rufaa. Watakuwekea kifaa hapa, chini ya mfupa wa bega, bapa, kidogo kuliko sanduku la kiberiti. Kina nyaya mbili zinazoshuka moyoni. Kitamsikiliza huyu mdogo, kingoje kidogo, kimpige mkubwa. Kazi ya yule aliyenyamaza."

"Kina betri?"

"Ya miaka mingi. Ikikaribia kuisha tunajua mapema, kinabadilishwa."

Shikanga aliketi wima. Alianza kubandua vibandiko kifuani, kimoja kimoja, nywele zikifuata. "Na mvua ikija," aliuliza, "nakizimia wapi?"

Lynette hakucheka, kwa sababu naye alilelewa huku. Kila mtu hapa anajua mvua ya saa tisa na radi zake. Ikianza kunguruma, simu huzimwa, televisheni hung'olewa waya, kioo hufunikwa nguo, na mtu anayepokea simu wakati huo hutukanwa na mama yake. Na Shikanga alikuwa na sababu yake mwenyewe, akamweleza. Miaka kumi na moja iliyopita, ndugu yake mdogo aliuawa na radi akiwa na simu sikioni. Shikanga ndiye aliyemwinua. Simu ilikuwa imeyeyuka upande mmoja.

"Hakizimwi, mzee."

"Basi hakiingii. Nitembee na chuma cha stima ndani ya kifua, Kakamega hii? Si heri nipande juu ya paa niiite radi kwa jina?"

"Radi haifuati betri. Inafuata kilicho kirefu. Marehemu alikuwa amesimama wapi?"

"Chini ya mkaratusi." Kisha hasira ikampanda. "Wewe ulikuwepo? Ulimzika wewe?"

"Sikuwepo, baba. Nisamehe." Lynette alisubiri kidogo, lakini hakurudi nyuma. "Nikuulize moja tu. Hii stima ya kuzaliwa, uliyo nayo tangu zamani, umewahi kuizima mvua ikinyesha?"

Shikanga alivaa shati. Aliletewa karatasi ya mgonjwa anayekataa matibabu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akakaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Lynette alimwandikia Nekoye namba ya simu kwenye kiganja, mbele ya mumewe, bila kuficha.

"Saa yoyote," alimwambia.

Nyumbani Nekoye alisonga obusuma, ugali wa kwao, akaupakua, akaufunika, hakuna aliyekula. Saa tisa kasoro wingu lilikuwa limeshafika upande wa msitu, na mngurumo wa kwanza ulipopita Nekoye aliinuka kama kawaida. Aling'oa waya wa televisheni. Alishusha swichi kubwa iliyo nyuma ya mlango. Alizima simu zote mbili, akazitia ndani ya sufuria na kuifunika. Alitundika leso juu ya kioo. Kisha akaja kuketi kando ya mumewe kwenye kochi, akamshika mkono, na vidole vyake vikatafuta mahali alipoona tabibu akishika.

Mvua ilishuka juu ya mabati. Shikanga alikuwa anagonga goti kwa vidole, kushoto haraka, kulia polepole, kama kwenye meza ya hospitali. Alitaka kuwapatanisha. Alijiambia akimsikiliza mkubwa vizuri, akamvuta kidogo, huenda akamrudisha kwa mdogo. Wapigaji wangapi wamepotea uwanjani naye akawarudisha kwa jicho tu? Kulia kuligonga. Akangoja kugonge tena.

Hakukugonga.

Alizinduka akiwa sakafuni, maji usoni, Nekoye amepiga magoti kando yake.

"Nilikuwa nimekushika," Nekoye alisema. "Nilihesabu. Moja mpaka kumi na mbili, Baba Tracy. Kumi na mbili, na mkono wako hauna kitu. Kama mti."

Shikanga alilala pale pale akitazama juu. Taa imezimwa. Televisheni imekufa. Leso iko juu ya kioo, na sufuria ya simu iko mezani na mfuniko wake. Radi ilipiga upande wa Khayega, mbali, wala haikuwa na haja na nyumba yake.

"Kila kitu umezima?"

"Kila kitu."

Alifikiri juu ya hilo. Nyumba nzima ilikuwa gizani kwa ajili ya kumlinda, na stima iliyokatika ilikuwa ile ambayo hakuna mtu aliyeigusa.

"Toa simu," alisema.

"Bado kunanguruma."

"Si nasikia? Toa, uwashe. Mpigie yule binti wa Khwisero."

Nekoye alifunua sufuria. Aliiwasha simu akiwa ameishika mbali na mwili, kama mtu anayeshika kuku mwenye hasira, na akasoma namba kwenye kiganja chake huku mvua ikipiga bati. Lynette alipokea kabla ya mlio wa pili.

Gari la wagonjwa lilikuja ndani ya mvua ile ile. Tracy, binti yao anayefanya kazi ofisi za kaunti mjini, alishughulikia mambo ya bima, na kesho yake asubuhi Shikanga alikuwa amelala hospitali ya rufaa, kifua wazi, mbele ya daktari wa moyo aliyeitwa Kemunto, mwanamke mfupi mwenye haraka.

"Unatumia mkono upi zaidi?"

"Wa kulia."

"Basi tutaweka kushoto, usikusumbue." Alichora alama kwa kalamu ya bluu chini ya mfupa wa bega la kushoto, akaondoka kwenda kunawa.

Shikanga aliinamisha kidevu, akaitazama alama. Ilikuwa imekaa mahali penyewe: pale pale mkanda wa ngoma unapopita. Ngozi ya hapo ilikuwa imekuwa ngumu na nyeusi kwa miaka thelathini na mitano. Akinyamaza, kila wimbo utamgandamiza huyo mpigaji mpya kifuani mpaka nyaya zikatike. Akisema, ataambiwa ngoma basi, kaa nyumbani uchunge kuku. Alijua madaktari. Wakisikia mtu anapenda kitu, hicho ndicho wanachokikataza.

Kemunto aliporudi, mikono juu, Shikanga alikuwa bado anapima. Kilichomtoa maneno hakikuwa ujasiri. Ni kwamba aliona aibu kumkaribisha mpigaji kwenye kikundi kwa kumkalia.

"Daktari, hapo pana ngoma."

"Pana nini?"

"Isukuti. Kubwa. Mkanda unapita hapo, na ngoma inabanwa hapa. Uzito kama mtoto wa miaka miwili."

Kemunto alisimama. "Na kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza mkono. Hukuniuliza bega."

Muuguzi mmoja aligeuka ukutani mabega yakimtikisika. Kemunto aliagiza pamba na spiriti, ile alama ikafutwa, ikachorwa nyingine kulia. "Wiki sita hutashika ngoma," alisema, "na huu mkono hautapanda juu ya bega. Baada ya hapo uje nikuangalie. Kikikaa vizuri, kapige."

"Nipige?"

"Nimesema upige. Lala."

Hawakumlaza usingizi, walimchoma sindano ya ganzi tu, wakamfunika kwa shuka la kijani. Alihisi kuvutwa na kusukumwa, bila maumivu. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na mashine inayolia kila moyo unapopiga, naye akaisikiliza kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Ti. Kimya. Ti. Kimya, kimya kinachotosha mtu kumeza mate mara mbili. Alimjua huyo. Ni yule mkubwa, peke yake, kazeeka.

Kisha Kemunto alisema neno kwa mtu wa mashine, na mlio ukabadilika. Ti, ti, ti, ti. Damu ilimpanda usoni, masikio yakapata moto, vidole vya miguu ambavyo vilikuwa baridi tangu Krismasi vikaanza kuwasha.

"Wa kati amefika," Shikanga alisema kwa sauti kubwa chini ya shuka.

"Usiongee, mzee," Kemunto akasema. Lakini baadaye, akishona, alimuuliza mwenyewe wa kati ni nani, na ilimbidi asikilize historia yote, pamoja na makosa ya Erastus.

Wiki sita zilimtosha Shikanga kugombana na kila mtu mara mbili. Ya saba alikwenda kuangaliwa. Ya nane, Alhamisi, kikundi kilikutana nyumbani kwake, kwa sababu Jumamosi Tinga alikuwa na miadi tena. Shikanga aliuvaa mkanda bega la kushoto, akaibana ngoma kwapani, akatulia hivyo kwa muda akijisikiliza. Kulia, chini ya mfupa, palikuwa na uvimbe mdogo wa mraba, uliokwisha kupona.

Walikuwa kwenye wimbo wa pili mngurumo ulipopita juu ya msitu. Nekoye alitoka jikoni na sufuria yake. Televisheni, swichi, leso juu ya kioo. Alipita kwa wapigaji mmoja mmoja akikusanya simu, na Shikanga akatoa yake bila ubishi. Nekoye hakuondoka. Alimwelekezea kidevu kifuani.

"Na huyo?"

"Huyo ni wa kukodi," Shikanga alisema. "Hanywi busaa, hachelewi, haulizi chakula. Mwache yuko kazini."

"Lakini mjomba," Erastus akasema, "yeye ndiye wa kati sasa. Si mimi niende nyumbani?"

"Ungejifunza kwake kwanza. Haya, mtoto, ita."

Ngoma ndogo iliita. Radi ikapiga karibu, mabati yakatetemeka, Erastus akaruka na kupiga kabla ya wakati. Shikanga aliinua mkono wa kushoto, wote wakasimama.

"Usikimbie," alisema. "Mdogo akiita, ngoja kidogo. Halafu pitisha."